Feni ya Kompyuta na Ubeti wa Tatu

Kompyuta ya studio yetu ilikuwa na kelele kama mashine ya kukoboa mahindi inayosikika kutoka mtaa wa pili. Ukikaa nayo kutwa unaizoea. Unaanza kuongea kwa sauti ya juu bila kujua, hata ukiwa kwenye foleni ya maji, mpaka watu wanakuuliza unagombana na nani. Lakini maiki haizoei. Maiki ilichukua kila kitu kwa usawa, sauti ya mwimbaji na sauti ya feni, na ukisikiliza baadaye huwezi kujua nani alikuja kuimba na nani alikuja kukoboa.

Tangu wakati ule nimeishi miji mingi. Nimeuza simu Kahama, nimelinda ghala Tunduma, nimepakia vitunguu kwenye malori yanayokwenda nisikokujua. Mfukoni nina simu inayorekodi bila kelele yoyote, haina feni, haina hata kitu kimoja kinachozunguka. Mara nyingine ninaitoa, ninaiangalia, halafu ninairudisha mfukoni.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka, Singida mjini, karibu na soko. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa na kila mwenye mtaji mdogo anajaribu kitu ambacho baba yake hakukijua. Bosi wangu aliuza betri, kaseti na redio. Baba yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, akaoa Mnyaturu, akabaki. Bosi aliona kwaya zinapanda mabasi kwenda mikoa ya mbali kurekodi, akasema ujinga gani huu, akaenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta ya mtumba, imefungwa kwenye godoro. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Alinipa kazi kwa sababu niliweza kusoma Kiingereza cha kwenye skrini.

Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mjini kwetu, mji wa kuku, trei za mayai hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa lile boksi. Ndani yake kuna kitu kidogo kama biskuti kinachoitwa prosesa, ndicho kinachofanya hesabu zote, na kikifanya hesabu kinachemka. Juu yake kuna bati nene lenye meno meno, na juu ya bati kuna feni ndogo. Feni ikizunguka, kelele. Feni ikisimama, joto linapanda, na joto likizidi kompyuta inajizima yenyewe, na kila ambacho hujakihifadhi kinapotea. Kazi yangu yote ilikuwa katikati ya mambo hayo mawili.

Tulijaribu kuifunika blanketi, ikajizima. Tulijaribu kuihamishia dukani mbele na kuvuta waya mrefu wa maiki, ule waya ukageuka kuwa antena, na katikati ya wimbo wa Pasaka akasikika mtangazaji wa mpira. Tulijaribu kufungua dirisha ili ipate hewa, na kwa anayeujua upepo wa Singida sina haja ya kueleza. Ulileta vumbi na mlio wake juu ya mlio wa feni.

Mwisho tukapata njia yetu. Boksi lilikaa wazi ubavuni, halina mfuniko, na mimi nikakaa chini karibu yake. Bosi akiinua mkono, ninachomoa waya wa feni. Kimya. Kwaya inaimba. Bosi anatazama skrini, anagusa bati kwa kidole, na akishusha mkono, kwaya imalize isimalize, ninarudisha waya. Waimbaji walikuja kujua. Waliacha kumtazama mwalimu wao wakawa wanautazama mkono wa bosi. Mpaka leo ukikuta kaseti ya kwaya iliyorekodiwa kwetu, utasikia watu wanaimba kana kwamba mvua inakuja na mahindi yako nje.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwepo, wimbo mzima uliingia. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, tulikuwa tunapata nusu wimbo tukishukuru.

Mama yangu alikuja mwezi wa kumi.

Alitoka kijijini kwetu Misigiri na basi la asubuhi, amebeba kuku mmoja na chupa ya mafuta ya alizeti aliyokamua mwenyewe, na shingoni amejifunga kitambaa ingawa kulikuwa na joto. Chini ya kitambaa kulikuwa na rovu. Tangu nikiwa mdogo lilikuwepo, dogo, tukalizoea kama mtu anavyozoea kovu. Lakini mwaka ule lilikuwa limekua mpaka linambana pumzi, akawa analala ameketi. Hospitali kubwa nje ya mkoa walikuwa wamempa siku ya kupasuliwa, na daktari alimweleza wazi: mshipa wa sauti unapita palepale, anaweza kuamka na sauti nyingine, anaweza kuamka bila sauti.

Mama alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya ya kijijini. Na kulikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe baba alipofariki, ambao baadaye ukawa wimbo wa kuzikia watu wote wa kwetu. Ulikuwa na beti tatu. Mbili za kwanza kila mtu alizijua. Wa tatu hakuna aliyeuweza. Pale ambapo sikio linategemea sauti ipande, yeye aliishusha, polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka kisimani na ndoo mkononi. Alikuwa amewafundisha mabinti wa kwaya mara nyingi, na kila wakifika pale walipanda.

"Nataka uniwekee ubeti wa tatu kwenye kaseti," aliniambia. "Nikitoka huko kimya, waweze kusikia wenyewe wanapokosea."

Hilo tu ndilo alilolitaka.

Bosi alitoka dukani kumpokea. Kwa upande wa mama yake, yule Mnyaturu, alikuwa mtani wetu sisi Wanyiramba, na utani ulikuwa dini yake ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani wangu. Bado mnaishi?"

"Tunaishi. Nyie Wanyiramba mkija mjini lazima mje na kuku. Mnafikiri huku tunakula mawe?"

"Mnavyojenga juu ya mawe, nani atajua mnakula nini?"

Bosi alicheka, akampokea kuku, akamwambia huyo hatarudi Misigiri hata akilia. Akamleta studio na kumwekea kiti chenye mto. Nilipomweleza mambo ya feni, mama alisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza habari za mgonjwa.

Tulianza na feni ikizunguka, ili ajipime. Nilipomrudishia asikie, alivua hedifoni akanitazama.

"Nani anakoboa humu?"

"Ni feni, mama."

"Mimi niko wapi sasa?"

Basi bosi akainua mkono, nikachomoa waya. Mama akaanza. Aliimba kama alivyoimba siku zote, bila haraka, na baina ya ubeti na ubeti alipumzika kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. Bosi alikuwa anagusa bati na kunyonya kidole. Ubeti wa pili haujaisha mkono ukashuka. Tukangoja ipoe. Tukaanza tena, mkono ukashuka palepale.

"Mama mtani," bosi alisema, "huwezi kuongeza mwendo kidogo? Wenzako wote wanaongeza."

"Mwanangu, huu ni wimbo wa kuzika. Ukienda mbio unamkimbiza nani?"

"Basi tuanzie ubeti wa tatu moja kwa moja."

Alijaribu. Alisimama, akafumba macho, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuweza kuingia kwenye ubeti wa tatu bila kupita kwenye ule wa kwanza na wa pili. Alijaribu kuziimba kimoyomoyo halafu aingie, lakini akiingia alikuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa. Alicheka mwenyewe akasema nyumba hii ina mlango mmoja tu. Nikachomoa tena, nikarudisha tena. Joto la mchana lilikuwa limejaa chumbani, sisi wenyewe tulikuwa tunachuruzika jasho, sembuse prosesa.

Mama akaja akachuchumaa karibu nami, akaitazama ile feni inavyozunguka.

"Hiki kinalia kwa ukavu," alisema. "Sikiliza. Ni mlio wa chuma kikavu. Kimepakwa mafuta lini?"

Bosi na mimi tulitazamana. Feni ya kompyuta kupakwa mafuta, hatukuwahi kuwaza.

"Mafuta ya cherehani yanauzwa dukani kwa Mwarabu," bosi alisema, "lakini leo amefunga, ana msiba."

"Ya nini, na mafuta yapo?"

Nyumbani mama alikuwa na cherehani. Alishona sare za shule za kijiji kizima, na miaka yote aliipaka mafuta ya alizeti, kwa unyoya wa kuku, tone hapa, tone pale. Asubuhi cherehani ile ilikuwa nzito kuzungusha, sisi watoto tulikuwa tunaitoa juani kwanza ndipo iamke, halafu mama anaongeza mafuta na kazi inaanza. Niliamini cherehani zote duniani ziko hivyo.

Alimchomoa kuku unyoya, kuku akalalamika, akauchovya kwenye chupa yake. Bosi alizima kompyuta. Mama akagusa katikati ya feni, pale inapozungukia, akaisukuma kwa kidole, akagusa tena. Nilipowasha, nilidhani haijawaka. Taa ilikuwa imewaka, skrini inakuja, feni inazunguka kwa macho yangu, na hakuna sauti. Kwa mara ya kwanza nilisikia kuwa jirani yetu ana saa ya ukutani.

Bosi alikaa chini, akashika kichwa.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote nashika bati kwa kidole. Mama mtani, kumbe Wanyiramba mna faida."

"Nenda ukawaambie wenzako."

Lakini kwa siku ile sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameimba mara nyingi mno, shingo ilikuwa imevimba juu ya kitambaa. Tukakubaliana kesho yake asubuhi, sauti ikiwa imepumzika. Keshokutwa alfajiri ilikuwa safari ya hospitali. Mchana ule bosi alifurahi kupita kiasi. Aliiacha kompyuta ikifanya kazi mpaka jioni, dirisha likiwa wazi, upepo unaingia, akiita kila rafiki anayepita sokoni aje asikie ukimya. Mwisho akatafuta mfuniko wa boksi chini ya meza, akapangusa vumbi, akaufunga kwa skrubu zake zote. Hatukuwa na haja tena ya kufikia waya. Sikuwahi kuliona lile boksi limefungwa tangu nianze kazi. Lilionekana kama kitu cha ofisini.

Asubuhi mama alikuja amevaa gauni lake la kwaya, ingawa hakuna ambaye angemwona. Hewa ilikuwa bado na ubaridi. Nikawasha, skrini ikaja, kimya. Nikavaa hedifoni. Bosi aliinua mkono kwa mazoea, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Mama akaimba. Ubeti wa kwanza. Akapumzika, nikamsikia akivuta pumzi kupitia pale paliposongwa, mlio mwembamba. Ubeti wa pili. Nilisikia harufu ya mafuta ya moto, nikawaza mama lishe wa jirani ameanza vitumbua mapema. Nakumbuka hata kuona njaa kidogo. Halafu mama akaingia ubeti wa tatu, akafika pale pa kushuka, na akashuka.

Nimeusikia wimbo ule makaburini mara nyingi, kwenye upepo, watu wakilia, majembe yakigonga. Sikuwahi kuusikia hivi, masikioni mwangu mwenyewe, bila kitu kingine chochote. Alishuka mpaka mwisho, akaishika noti ya mwisho, akaiachia. Akafumbua macho akanitazama. Nilikuwa nimeshika mausi ili nihifadhi.

Skrini ikawa nyeusi.

Tulidhani ni umeme. Lakini balbu ilikuwa inawaka juu yetu. Nikabonyeza kuwasha, hakuna kitu. Bosi akaanza kufungua skrubu, ikamdondoka moja, akaachana nayo. Mfuniko ulipotoka, harufu ya kukaanga ilitupiga usoni, na haikuwa ya jirani. Feni ilikuwa imesimama. Sijui ilisimama saa ngapi, labda kabla mama hajaanza. Mafuta yalikuwa yamenyonya vumbi la upepo wa jana, yakaganda usiku, yakawa kahawia kama uji ulioshika sufuria. Tulikuwa tumesikiliza ukimya wote ule tukiufurahia, na ulikuwa ukimya wa feni iliyokufa.

Mama alichuchumaa, akafungua upande mmoja wa kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaanza kulipepea lile boksi. Alipepea polepole, kwa mkono mmoja, kama anavyopepewa mtoto mwenye homa. Hatukumzuia. Hatukuwa na kingine cha kufanya. Nilibonyeza, nikangoja, nikabonyeza. Safari hii haikuwa imejizima yenyewe tu, prosesa ilikuwa imeungua.

"Umeme huu, mama," bosi alisema. "Umeme wa Singida umetumaliza."

Mama aliinua macho akaitazama balbu, inawaka vizuri kabisa. Akafunga kanga yake.

"Ndiyo," alisema. "Umeme."

Ndipo bosi akakumbuka kuwa ana duka zima la redio. Kabla ya hapo hatukuwaza, kwa sababu ukishakuwa na kompyuta unaona aibu kurekodi kwa redio kaseti kama watu wa zamani. Akashusha moja rafuni, akaweka kaseti mpya, akabonyeza. Mama alianza. Ubeti wa kwanza ulitoka na mkwaruzo. Katika ubeti wa pili sauti ilikatika, akakohoa, akajaribu, akakohoa. Kwenye kaseti anasikika mwishoni akisema, "Basi." Tulingoja mpaka jioni, akanywa maji ya moto na asali, na kila akijaribu ilikuwa fupi zaidi. Niliuliza kama safari inaweza kusogezwa. Alinionyesha shingo, nikajua nimeuliza upuuzi.

Alipasuliwa, akapona. Analala kitandani kama watu wengine na pumzi inapita. Sauti alibaki nayo, lakini si yake. Ni ya chini, ina upepo ndani, inatosha kuomba chumvi na kumgombeza mbuzi. Haiwezi kushika noti. Bosi alipokuja kumsalimia alimwambia, "Mama mtani, sasa unaunguruma kama kompyuta yangu," na mama alicheka kile kicheko kipya kisicho na mlio, mpaka akajifuta machozi. Bosi hakununua kompyuta nyingine. Mimi niliondoka Singida mwaka uliofuata na sijakaa mahali pamoja tangu hapo.

Niliporudi mara ya kwanza, baada ya muda mrefu, ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa barazani anashona. Nilizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, kwa kuzoea, nikitegemea ule uzito wa zamani. Lilizunguka lenyewe. Kando ya mguu wake kulikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya cherehani, ya dukani.

"Siku hizi hutumii alizeti?" nilimuuliza.

"Niliacha."

"Tangu lini?"

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Haya hayagandi," alisema.

Nilikuwa na maneno niliyoyabeba miji yote ile, kuhusu vumbi, kuhusu bosi na skrubu zake, kuhusu feni ambayo ingekufa tu hata bila mafuta. Alikuwa ameshageuza nguo upande wa pili. Nikamshikia kitambaa ili kisikunjike.

Kesho yake kulikuwa na mazishi ya jirani. Kwaya ilisimama karibu na kaburi, mabinti wale sasa ni wanawake wenye watoto mgongoni. Mama alikaa kwenye benchi pamoja na wazee, nami nyuma yake. Waliimba wimbo wake. Ubeti wa kwanza sawa, wa pili sawa. Walipofika kwenye ubeti wa tatu niliona mkono wake juu ya paja unaanza kushuka, vidole kimoja kimoja, ukiwaonyesha njia, lakini hawakuwa wakimtazama. Wakapanda. Wote kwa pamoja, kwa nguvu, vizuri sana, wakapanda.

Mama aligeuka akanitazama. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilikuwa nimeusikia mzima, bila upepo wala kilio juu yake. Bado niko nao, kila hatua ya kule kushuka, ninaweza kuusikia hata sasa nikitulia. Lakini mimi sijui kuimba. Nilifungua mdomo, na mama akanitazama nikiufunga.